Leo Nimemgawa Baba Yangu

Jumapili, saa za jioni. Mvua imenyesha tangu tulipotoka kanisani na haina dalili ya kukata. Miguu yangu ina matope ya Ndera na sina hata nguvu ya kuiosha. Nimekaa kitandani, kompyuta mapajani, chai imepoa, na kichwa kinaniwanga.

Sijui kama leo nimefanya jambo jema au nimewaharibia watu maisha. Naandika labda nitajua.

Mnaonisoma humu mnajua mambo yangu. Mchana nakaa mapokezi kwenye kliniki moja ya meno hapa Kimironko, Kigali, jioni na Jumamosi nasoma sosholojia. Chuo chenyewe ni kidogo, kiko ghorofani juu ya duka la mabati na misumari, na darasani kwetu hakuna mtoto. Kuna askari mstaafu, kuna mama anayeuza vitenge sokoni, kuna mimi. Majirani huniuliza kila mara hiyo sosholojia itanipa kazi gani, na mimi huwajibu kwamba itanisaidia kuwaelewa wao. Basi tunacheka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nimezaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania. Kinyarwanda nakiongea siku nzima, lakini nikikasirika nakasirika kwa Kiswahili, na nikichanganyikiwa ndiyo usiseme.

Leo nimechanganyikiwa.

Mambo yalianzia darasani. Mwezi huu tunasoma familia. Mwalimu wetu, Eric, ni kijana aliyesomea Kampala, mdogo kwangu kwa umri na mkali kwa kalamu nyekundu. Alitupa kazi: kila mtu achague familia ambayo si yake, achore mchoro wa ukoo wake. Mwanamume ni pembetatu. Mwanamke ni duara. Mtoto anashuka kwa mstari kutoka kwa wazazi. Mtu aliyeingia bila damu wala ndoa unamwekea nukta nukta. Na akatupa sheria moja ambayo aliirudia mpaka mama wa vitenge akaanza kumwigiza: mtafiti haingizi mkono kwenye kile anachokichunguza. Unakaa pembeni, unatazama, unaandika, basi.

Mimi nikachagua familia ya Fidèle. Nikajiona mjanja.

Fidèle ni seremala, ana kibanda chake kule Gisozi, kwenye karakana za samani. Kabla hajaoa tulikuwa tunapanga kwenye ua mmoja, chumba chake na changu vinatazamana. Kitanda nilichokalia sasa hivi amekitengeneza yeye. Ni kijana mpole, mchapakazi, mtu wa kusema "ndiyo dada" na kuishia hapo. Mwaka jana alinijia jioni moja, amevua kofia, anaizungusha mikononi. Alikuwa amepata mchumba, Divine, binti wa Ndera, pembezoni mwa mji. Posa imekubaliwa, siku imepangwa. Shida yake moja: hakuwa na watu wa kukaa upande wake.

Asiyejua harusi za kwetu labda hataelewa. Siku ya kuposa rasmi, familia mbili zinakaa zikitazamana chini ya hema, na kila upande una msemaji wake. Upande wa bwana harusi lazima wawepo wazee, wajomba, na shangazi. Msemaji anawasimamisha mmoja mmoja, anawatambulisha, watu wanapiga makofi. Huwezi kwenda kuomba mke ukiwa peke yako kama mtu aliyekwenda kuomba kiberiti. Kwa hiyo Fidèle akakusanya watu. Msemaji alikuwa wa kukodi, mzee mwenye maneno matamu anayefanya kazi hiyo kila mwisho wa wiki. Baba akawa mzee mmoja wa kanisa. Shangazi nikawa mimi.

"Siku moja tu, dada Konso," aliniambia.

Nilikubali huku nacheka. Nikavaa mushanana, vazi letu la sherehe, ya rangi ya zambarau, nikakaa mbele, mgongo wima. Msemaji alipofika kwangu akaongeza chumvi zake: eti huyu ndiye shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Makofi. Mama yake Divine akavuka uwanja akaja kunikumbatia, na mimi nikakumbatiwa. Sikuona ubaya. Hapa Kigali, tangu yale mauaji, upande mmoja wa hema ukiwa na watu wachache, majirani wanajaza viti na hakuna anayeuliza kwa nini ni wachache. Kila mtu anajua. Kuna maswali ambayo watu wazima wa mji huu wameacha kuulizana.

Basi nilipokaa kuchora mchoro wa ukoo wa Fidèle, nilichora pembetatu moja katikati ya karatasi. Nikangoja. Baba yake? Sikujua. Mama? Sikujua. Nikamchora Divine pembeni, duara. Nikajichora mimi juu, duara la nukta nukta. Ikaisha. Mwalimu Eric aliporudisha kazi aliandika kwa wekundu kwamba mchoro haujakamilika. Nikasimama nikamwambia umekamilika. Darasa likacheka. Nilicheka na mimi kidogo, kisha nikaona haya.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Ijumaa Fidèle akatokea kliniki. Nilidhani jino. Alikuwa na vumbi la mbao kichwani, hakukaa kwenye kiti nilichompa. Akaniambia Divine amekusanya nguo zake amerudi kwao.

Kinyarwanda kina neno zima kwa ajili ya jambo hilo, kwahukana, mke kurudi kwao kwa sababu ana neno na mume wake. Halina maana ya talaka. Ni kama kusema: nimekaa kwa baba yangu, anayenitaka aje tuzungumze. Na mume haendi peke yake. Anakwenda na watu wake, wanabeba kinywaji, wanakaa sebuleni kwa wakwe, wanasikiliza shtaka, na mkubwa wa upande wake ndiye anayejibu. Akienda peke yake wanamrudisha getini.

Mzee wa kanisa amehamia Musanze. Msemaji wa kukodi alikuwa na harusi nyingine leo. Nani amebaki?

Jamani. Siku moja tu.

Nilitaka kukataa. Nakiri hapa hapa kwamba nilikuwa nimefungua mdomo nikatae. Kichwani nilimsikia mwalimu: usiingize mkono. Halafu nikamwona Fidèle anavyotazama sakafu ya kliniki kana kwamba anatafuta msumari ulioanguka, nikamwambia twende Jumapili.

Leo tukapanda basi, tukateremka tukaanza kukwea ile barabara ya udongo. Yeye amebeba kreti begani, nusu bia nusu Fanta, mimi nimekunja sketi ya kanisani. Mvua inatunyeshea. Kila hatua kiatu kinabaki nyuma. Nikaona ndiyo nafasi, nikamuuliza bila kuzunguka: Divine ana neno gani na wewe? Umempiga? Hapana. Una mwanamke? Hapana, dada. Sasa nini?

Akatembea kidogo. Kisha akaniambia Divine ana mimba. Tangu alipojua, anamuuliza watu wake ni nani. Baba yako aliitwaje, mlitoka kilima gani, mtoto nitamwambia nini. Na yeye hamjibu. Akiulizwa anakwenda karakana. Divine anaamini anaficha kitu kibaya.

"Sasa si umwambie?" nikamfokea. Nilikuwa nimelowa, hasira ziko karibu.

"Nimwambie nini, dada? Hakuna kitu."

Akaiweka kreti chini kwenye jiwe. Akaniambia hapo barabarani, mvua inamchuruzika usoni, kwamba yeye alijitambua akiwa kwenye nyumba ya masista upande wa Burundi. Hakuna aliyejua nani alimfikisha pale. Jina Fidèle alipewa na masista. Alipokua akafundishwa ufundi, akaja Kigali kwa sababu watu walimwambia sura yake ni ya huku. Hakuna jina la baba. Hakuna kilima. Hafichi kitu. Hana.

Niliishi naye ua mmoja miaka yote ile na sikuwahi kumuuliza. Na nasoma sosholojia!

Nikamwambia basi tuwaambie ukweli wakwe, ni watu wazima, wataelewa. Akanishika mkono, yeye ambaye hashiki mtu mkono. Akasema nisimwaibishe. Akasema watajua wamempa binti yao mtu wa barabarani, na mtoto ataitwa hivyo hivyo. Akaniomba niseme tu kwamba habari za ukoo zitakuja baadaye, kwamba ni huzuni, kwamba tupewe muda. Hilo nikalikubali. Si uongo, nikajiambia. Ni kuchelewesha tu.

Kwa baba yake Divine wanaishi vizuri. Nyumba ya matofali, ndizi nyuma, ng'ombe mmoja kwenye banda. Mzee mwenyewe alikuwa dereva wa malori, ameendesha Dar es Salaam na kurudi mpaka mgongo ukakataa, na Kiswahili chake ni kile cha barabarani. Alifurahi kupata wa kuongea naye. Mama alikaa na kitambaa chake mapajani. Divine akaja akatusalimia kwa heshima, akakaa mbali na mume wake, macho yamevimba. Walitupa maziwa. Kreti yetu ikapokelewa ikawekwa kando bila kufunguliwa, maana haifunguliwi mpaka maneno yaishe.

Mzee hakuzunguka.

"Shangazi, mie siko na kesi na huyu kijana. Hakupiga mutoto wangu, hakumunyima chakula. Ni fundi mzuri. Lakini binti anauliza kitu moja tu: mutoto iko tumboni ni wa watu gani? Wewe njo ulimulea. Utupe hata jina moja."

Nikameza maziwa. Nikafungua mdomo niseme yale tuliyopanga barabarani, habari zitakuja baadaye, ni huzuni, tupeni muda. Nikamtazama Divine. Alikuwa ameweka mikono juu ya tumbo, ananitazama mimi, si mume wake. Nikaona kabisa kwamba nikisema baadaye, huyu harudi. Ameshangoja jibu miezi mizima. Nikamtazama Fidèle. Amekunja mabega kama mtoto anayengoja fimbo.

Mdomo ukaniponyoka.

"Babu yake Fidèle aliitwa Sebahizi," nikasema.

Sebahizi ni baba yangu. Baba yangu mzazi, aliyenizaa mimi, aliyezikwa nyuma ya nyumba yetu Karagwe, pembeni ya mibuni.

Naapa sikupanga. Ni ule mchoro. Mimi ni shangazi, shangazi ni dada wa baba, basi baba yangu ni babu yake. Akili yangu ilipanda mstari ikashuka mstari, kama tulivyofundishwa, na mdomo ukasoma ilichokiona. Sikutunga mtu. Nilichukua mtu wa kweli nikamsogeza.

Mzee akainuka kwenye kiti. Sebahizi wa wapi? Karagwe. Karagwe sehemu gani? Nikamtajia. Loh, mtu huyu amewahi kupakia kahawa Kayanga, huko huko Karagwe! Anaijua barabara, anaujua mteremko, anakumbuka mpaka mahali walipokuwa wanauza maparachichi. Akaanza kuniuliza, na mimi nikawa najibu, na kila nilichojibu kilikuwa kweli. Kwamba alikuwa mrefu. Kwamba aliita ng'ombe kwa mluzi na walikuja. Kwamba hakupenda viazi vitamu, akipewa alikuwa anawahamishia watoto kwenye sahani. Kwamba alicheka kwa sauti ya chini hadi bega likatikisika. Mama yake Divine akawa anatabasamu. Divine akawa analia, lakini kilio cha aina nyingine.

Wakamuuliza Fidèle mbona hakusema. Nikamjibia mimi. Nikasema baba yake, kaka yangu, alipotea miaka ile, na kijana hupata shida kulitaja. Wote wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Sina kaka. Baba alizaa mabinti watupu, wanne tukifuatana, na wazee wa kijiji walikuwa wakimtania hadi akawa anaondoka barazani. Leo nimempa mtoto wa kiume kwa mdomo wangu na papo hapo nikamuua.



Kreti ikafunguliwa. Tukanywa. Divine akaingia ndani akatoka na begi lake, mama yake akamfungia maharage na mkungu mdogo wa ndizi, mzee akatutafutia gari ya jirani. Kila mtu anacheka. Fidèle alikaa mbele na dereva, sisi wanawake nyuma, na Divine akaegemeza kichwa begani kwangu njia nzima. Nywele zake zilikuwa zinanukia moshi wa kuni wa kwao. Niliona raha. Huo ndio ukweli wenyewe, niliona raha sana, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa zaidi. Mwongo huona raha?

Tulipowafikisha nyumbani kwao Gisozi, Fidèle alinisindikiza hadi kwenye lami nipate moto, pikipiki ya abiria. Nilijiandaa anilaumu, au anishukuru. Hakufanya lolote. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Alikuwa mrefu kweli?"

Nikamwambia ndiyo, mlango wa jikoni aliingia ameinama. Akauliza alikuwa ananipiga? Nikamwambia mara chache, nikistahili. Akauliza sigara? Nikamwambia alivuta kiko. Alikuwa anakula yale maneno. Mwenye moto akachoka kungoja akaanza kupiga honi, na Fidèle bado ana swali jingine. Nilipanda nikaondoka haraka kwa sababu nilikuwa karibu kulia mbele ya dereva.

Nikafika nyumbani. Nikadhani siku imeisha.

Sijavua hata viatu ikaingia sauti iliyorekodiwa ya Divine kwenye simu. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Anasema shangazi ahsante, anasema leo nyumba imekuwa nyumba. Anasema Fidèle anaongea! Ameketi jikoni anamenya ndizi na anamsimulia habari za babu. Amemwambia babu alikuwa anapiga mluzi ng'ombe wanakuja. Amemwambia babu alikuwa anavuta kiko. Na amemwambia kwamba babu alikuwa seremala, ndiyo maana na yeye mikono yake inapenda mbao.

Baba yangu hakuweza kupigilia msumari. Kila alipojaribu alijiponda kidole, mama akamnyang'anya nyundo.

Hilo sikumwambia mimi. Hilo ameliongeza Fidèle mwenyewe.

Na mwisho wa ile sauti Divine anasema wamekubaliana, kabla hajajifungua, wanataka kwenda Karagwe kuliona kaburi la babu. Wataweka maua. Je, shangazi utatupeleka?

Mama yangu yuko hai. Mama yangu anakaa kwenye ile nyumba, hatua chache kutoka kwenye lile kaburi, na anajua vizuri sana alizaa nani na hakuzaa nani. Wakifika pale na maua yao wakimwambia wao ni wajukuu wa Sebahizi kwa mtoto wa kiume, mama atafikiri nini kuhusu mume wake? Mzee wa watu amelala kaburini, mimi huku Kigali nimemzalia mtoto wa nje!

Nilizunguka chumbani. Nikamfikiria mwalimu Eric na sheria yake, nikamkasirikia bure. Nikafikiri labda niuchore ule mchoro upya, nijaze pembetatu zote, nipate alama zangu. Nikaona ni upuuzi. Nikafikiri nizime simu. Nikafikiri nimwandikie Divine kwamba kaburi halijulikani lilipo, lakini kumficha baba mahali alipolala nilishindwa. Kumgawa niliweza, kumfukia mara ya pili nimeshindwa.

Nikampigia mama.

Nilimweleza kila kitu, tangu mushanana hadi seremala. Hakunikatiza, jambo ambalo kwa mama yangu ni ishara mbaya. Nilipomaliza nikasikia kuku wake nyuma.

"Konso," akasema, "umemtoa mume wangu kwa ruhusa ya nani?"

Akanisema. Akanisema vile anavyojua yeye, kwa utaratibu, akaanzia utotoni kwangu, akapita chuoni kwangu, akauliza kama hiyo ndiyo elimu ninayoilipia. Nikasema ndiyo mama, hapana mama, nisamehe mama. Kisha akauliza huyo kijana masista walimpata na umri gani. Nikamwambia hajui. Akauliza hana hata jina la mama? Hana. Akavuta pumzi ndefu.

Akasema wasije na mvua hizi, barabara ya kwetu ni matope matupu na msichana ana mimba. Waje kiangazi. Akasema huyo fundi aje na randa, mlango wa chumbani kwake haufungiki tangu mwaka juzi na mafundi wa pale ni wezi.

Mimi nikaanza kumshukuru huku nalia. Akanikata.

"Ngoja. Usiniletee hapa mtu aliyedanganywa. Huyo binti ajue kwanza anakuja kwa nani. Mkishamwambia, akitaka kuja aje. Asipotaka, mimi sijakasirika."

Akakata simu.

Kwa hiyo mama amekubali, na mimi ndiye niliyebaki. Nimempigia Fidèle. Nimemwambia lazima Divine ajue, na ajue kesho. Nikasikia Divine nyuma yake anacheka huku anaosha sahani. Fidèle akasema nimpe hata wiki moja. Wiki moja tu ya kuwa na babu, ndivyo alivyosema. Nikamwambia hapana, Fidèle, na kusema hapana kumenigharimu kuliko ule uongo wote wa Ndera. Mwisho akasema basi nije, yeye mwenyewe ataanza kusema, mimi nikae karibu.

Kesho asubuhi kabla ya kazi nitapanda Gisozi. Yeye atamwambia mkewe kwamba hakuwahi kuficha kitu, hana tu. Mimi nitamwambia kwamba Sebahizi ni baba yangu, kwamba hakuwahi kuwa seremala, na kwamba mama yangu anajua na yuko tayari kuwapokea. Nitamwambia baba yangu nimewapa, kama wanamtaka. Sijui kama mtu anaweza kupewa hivyo. Sijui mzee wa malori atasema nini akisikia, wala kama atakubali kreti nyingine kutoka kwetu. Mwalimu ana neno la kitaalamu la undugu kama huu na nimelijibia hadi kwenye mtihani, lakini halinisaidii kujua nitabisha hodi kama nani.

Nikiwa naandika hapa Divine ametuma picha. Ni kabati alilolitengeneza Fidèle, milango iko wazi. Ameshafungua begi lake, nguo zote amezitundika, na chini kabisa ametenga rafu moja tupu kwa ajili ya mtoto.